Namna ya Kukagua Leza ya YAG Kabla Haijaelekezwa kwenye Jicho la Mgonjwa

Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwaka mmoja au miwili iliyopita hurudi kliniki akilalamika kwamba mtoto wa jicho amerudi. Hajarudi, kwa sababu lensi ya asili ilikwisha kutolewa na lensi bandia ikawekwa mahali pake; kilichotokea ni kwamba utando mwembamba wa nyuma, ambao mpasuaji aliuacha kwa makusudi ili ushikilie lensi bandia, umeota chembechembe na kuingia ukungu. Tiba yake ni kuutoboa utando huo katikati kwa leza ya YAG (herufi hizo ni kifupi cha jina la fuwele inayotoa mwali wake), kazi ya dakika chache isiyohitaji kisu wala kulazwa, ambayo madaktari Danièle Aron-Rosa wa Paris na Franz Fankhauser wa Bern walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuifanya, na ambayo sasa ni huduma ya kawaida katika hospitali nyingi za macho za Afrika Mashariki.

Wepesi wa kazi yenyewe ndio unaowafanya watu waisahau mashine. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya fundi wa vifaa tiba, muuguzi au ofisa wa macho anayeiandaa mashine asubuhi na kumkabidhi daktari, na pia kwa ajili ya daktari kijana ambaye amefundishwa kupiga leza lakini hajafundishwa kuitilia shaka. Haushiki nafasi ya kitabu cha mtengenezaji. Pale ambapo kitabu hicho kinasema tofauti, kifuate hicho.

Kwa nini mashine hii haiaminiki kwa kuitazama tu

Mwali wa leza ya YAG una urefu wa wimbi wa nanomita 1064, na jicho la binadamu haliuoni. Nukta nyekundu anayoiona daktari ni mwali mwingine kabisa, dhaifu, unaotoka kwenye leza ndogo ya pembeni na kupitishwa kwa vioo ndani ya mashine ili ufike mahali pale pale utakapofika mwali wa tiba. Kwa hiyo nukta nyekundu ni shahidi tu. Kioo kimoja kikilegea kwa sababu mashine ilisukumwa kutoka chumba hadi chumba, au skrubu ikafunguka kidogo kidogo kwa mtikisiko wa gari la kliniki tembezi, shahidi ataendelea kutoa ushahidi wake kwa ujasiri ule ule, ilhali moto unapiga kwingine.

Na moto huo si mdogo. Pigo moja la milijuli 1 hudumu takriban nanosekunde 4, muda ambao mwanga wenyewe husafiri mita 1.2 tu. Ukiigawa nishati hiyo kwa muda huo unapata nguvu ya wati 250,000, zikiwa zimekusanywa kwenye doa lenye upana wa takriban maikromita 10, jembamba kuliko unywele. Hapo mwali hauchomi kama pasi. Hurarua atomi zenyewe, ikatokea cheche na mlio mdogo wa kupasuka, na wimbi la mshindo linalofuata ndilo linalochana utando. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba mpasuko wa namna hii hauhitaji rangi nyeusi ya kunyonya mwanga. Hutokea hata ndani ya kitu kinachopitisha mwanga kama maji, na kwa hiyo lensi bandia, ambayo imegusana na utando huo au imeachana nao kwa sehemu ndogo ya milimita, haina kinga yoyote isipokuwa usahihi wa fokasi, yaani mahali mwali unapokusanyika.

Hatua ya 1: Funga chumba kabla ya kuwasha mashine

Leza za aina hii huwekwa katika daraja la 3B au la 4 la kiwango cha kimataifa IEC 60825-1, maana yake ni kwamba mwali wa moja kwa moja, na hata ule unaoakisiwa na kitu king'avu, unaweza kuharibu jicho kabla mtu hajapepesa kope. Chumba kiwe na mlango unaofungwa kwa ndani, ishara ya onyo nje inayotaja leza na urefu wa wimbi wake, na pazia zito au ubao kwenye kila dirisha la kioo. Ondoa trei za chuma, vioo vya kujitazamia na saa za mkononi karibu na njia ya mwali. Ndugu aliyemsindikiza mgonjwa asubiri nje; kama mgonjwa ni mtoto au mzee asiyeweza kukaa peke yake, msindikizaji avae miwani ya kinga na aketi upande wa mgonjwa, wala asisimame nyuma ya daktari, kwa sababu uso bapa wa lensi ya mguso, ile anayoishika daktari juu ya jicho la mgonjwa wakati wa kupiga, hurudisha sehemu ya mwali upande wa mpigaji.

Daktari mwenyewe analindwa na kichujio kilichomo ndani ya hadubini ya mashine anayotazamia. Wengine wote waliomo chumbani hawalindwi na kitu hicho.

Hatua ya 2: Soma maandishi yaliyo kwenye miwani ya kinga

Nimeingia vyumba vingi vya leza nikakuta miwani ya kinga ikining'inia msumarini kama mapambo, nyingine ya kijani, nyingine ya machungwa, na hakuna anayeweza kueleza ipi ni ya mashine ipi. Rangi ya kioo haikuambii kitu cha kutegemewa. Miwani inayozuia vizuri leza ya kijani ya nanomita 532, ile inayotumika kutibu retina (sehemu ya ndani, nyuma ya jicho, inayopokea picha) za wagonjwa wa kisukari, inaweza kuupitisha mwali wa nanomita 1064 kana kwamba haipo, na aliyeivaa akajiona salama.

Shika miwani, igeuze, na utafute maandishi madogo kwenye kioo au kwenye mkono wake. Lazima uone namba 1064, au mwanya wa namba, kutoka moja hadi nyingine, unaoijumuisha hiyo. Kisha tafuta kipimo cha uzito wa kuzuia, ambacho kwa kawaida hutanguliwa na herufi OD. Kipimo hiki huhesabiwa kwa makumi: OD 5 inapitisha sehemu moja tu kati ya 100,000 ya mwanga, na OD 6 sehemu moja kati ya 1,000,000. Kama miwani imetengenezwa kwa kiwango cha Ulaya EN 207, utaona pia herufi D, I, R au M. Herufi D ni ya mwali usiokatika, I ni ya mapigo marefu, R ni ya mapigo makali ya nanosekunde kama ya YAG, na M ni ya mapigo mafupi kuliko hayo. Miwani yenye 1064 na herufi D peke yake haikupimwa kwa mapigo ya aina hii, iweke pembeni.

Kioo kilichopasuka, kilichokwaruzika sana au kilichobabuka tabaka lake hakifai tena, hata kama maandishi yake bado yanasomeka.

Sababu ya ukali huu ni jiografia ya jicho lenyewe. Mwanga wa kati ya nanomita 400 na 1400 hupita konea na lensi na kukusanywa kwenye retina, na katika mkusanyiko huo unaweza kuongezeka ukali takriban mara 100,000. Mwanga mkali unaoonekana humfanya mtu apepese ndani ya robo sekunde. Mwali wa 1064 uko ndani ya mwanya huo wa hatari lakini hauonekani, hivyo hakuna kupepesa, na hata kungekuwapo, pigo lingekuwa limekwisha fika kabla kope haijaanza kusogea.

Hatua ya 3: Umeme, vumbi na kuvu

Mashine iunganishwe kwenye kifaa cha kutunza umeme chenye betri, si moja kwa moja ukutani, maana kushuka na kupanda kwa umeme kunaweza kuharibu vile vipuri vinavyopima nishati, na kipimo kibovu ni hatari kuliko mashine iliyokufa. Iwashe na uiache ipate joto kwa muda uliotajwa na mtengenezaji. Angalia lensi ya mbele kwa tochi ukiimulika kwa ubavu. Alama ya kidole au vumbi hufutwa kwa karatasi ya lensi na kimiminika kilichoruhusiwa, kamwe si kwa shashi ya wodini wala pindo la koti. Kwa walio pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, adui mkubwa ni kuvu, inayoota ndani ya kioo kama utando wa buibui pale ambapo unyevu ni mwingi na kiyoyozi huzimwa kila jioni. Kuvu haifutiki kwa nje. Mwite fundi, na tangu mwanzo funika mashine ukiweka vifuko vya kunyonya unyevu chini ya kifuniko, na uvibadilishe vinapochoka.

Hatua ya 4: Rekebisha vioo vya kutazamia kwa jicho la mtu atakayepiga

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Leza ya YAG imefungwa kwenye hadubini ya kuchunguzia jicho, ambayo wengi kliniki huiita slitilampu, na hadubini hiyo ina vioo viwili vya kutazamia vyenye pete ya namba za dioptria, yaani kipimo cha nguvu ya lensi. Watu huzigeuza pete hizo ili waone vizuri, na hawatambui kwamba kwa kufanya hivyo wanaamua pia moto utapiga wapi.

Mwali wa leza hukusanyika kwenye kina kimoja kisichobadilika mbele ya mashine. Mtu hujua kina hicho kwa kuona picha ikiwa kali. Lakini picha inaweza kuwa kali machoni mwake kwenye kina kingine, kama pete zimewekwa vibaya au kama amevua miwani yake. Kwa hesabu ya kawaida ya hadubini, kosa la dioptria 1 kwa ukuzaji wa mara 10 husogeza mahali pa ukali kwa takriban milimita 0.6, kwa mara 16 ni takriban milimita 0.25, kwa mara 25 ni milimita 0.1. Linganisha namba hizo na nafasi iliyopo kati ya lensi bandia na utando, nawe utaona kwa nini ninasisitiza.

Mwelekeo wa kosa nao una maana yake. Mtu asiyeona mbali ambaye amevua miwani, au kijana anayekaza macho bila kujijua, huisogeza mashine karibu mno, na fokasi ya leza ikaenda nyuma ya utando. Matokeo yake ni mapigo yasiyofanya kazi, naye huongeza nishati. Mtu mzima mwenye jicho linalohitaji lensi ya kuongeza, akivua miwani yake, huiweka mashine mbali kidogo kuliko inavyotakiwa, na fokasi ikatua mbele ya utando, ndani ya lensi bandia.

Katika kliniki moja nilikokuwa nikipita kufanya matengenezo, muuguzi alinionyesha picha ya lensi bandia yenye vidoa zaidi ya kumi vinavyong'aa, kama kioo kilichodonolewa kwa ncha ya sindano. Mashine ilikuwa imefaulu majaribio yote wiki ile. Nilipomkuta daktari mkongwe aliyepiga siku hiyo, nilimwamkia kwanza.

“Shikamoo, Daktari.”

“Marahaba, fundi. Umeiona mashine yenu?”

“Nimeiona, Daktari, haina kasoro. Samahani, naomba kuuliza, siku ile ulipiga ukiwa umevaa miwani?”

Alikaa kimya kidogo, akaitoa miwani mfukoni, akaitazama. Ilikuwa ya dioptria +2.00. Pete za vioo vya kutazamia zilikuwa kwenye sifuri, kama alivyoziacha kijana aliyemtangulia.

Utaratibu sahihi ni huu. Weka kijiti cha fokasi kilichokuja na mashine kwenye tundu lake, uso wake mweusi ukielekea hadubini. Weka ukuzaji wa juu kabisa. Kwa jicho moja moja, zungusha pete hadi mwisho wa upande wa kuongeza, kisha irudishe polepole hadi mstari wa mwanga kwenye kijiti uwe mkali kwa mara ya kwanza, na uishie hapo. Ukivuka ukarudi tena, jicho litakuwa limekwisha kujikaza. Rudia mara tatu, uandike wastani. Kila daktari awe na namba zake mbili zilizobandikwa kwenye karatasi ubavuni mwa mashine, pamoja na neno “na miwani” au “bila miwani”, na azihakiki pete kabla ya mgonjwa wake wa kwanza.

Hatua ya 5: Hakikisha nukta mbili zinakuwa moja

Mashine nyingi hugawa mwali mwekundu kuwa miwili inayokuja kwa pembe na kukutana kwenye fokasi. Uzuri wa mpango huu ni kwamba hautegemei jicho la mtazamaji: nje ya fokasi utaona nukta mbili, kwenye fokasi utaona moja, uwe kijana au mzee. Kwa hiyo sogeza mashine mbele na nyuma taratibu ukitazama uso wa kijiti. Mahali nukta zinapoungana pawe ndipo mahali picha ni kali zaidi. Zikiungana mahali pasipo na ukali, rudi Hatua ya 4. Kama pete ziko sawa na bado mambo hayalingani, au nukta zinapishana juu na chini bila kuungana kabisa, mashine imepoteza mpangilio wa ndani, na hapo kazi ya siku hiyo imekwisha hadi fundi wa mtengenezaji afike.

Hatua ya 6: Mhoji shahidi, yaani piga kwenye karatasi

Sasa ndipo unapojua kama mwali usioonekana unamfuata mwekundu. Chapisha mraba mweusi tii kwa kichapishi cha leza kwenye karatasi ya kawaida, ukiacha ndani yake mistari miwili myembamba myeupe inayokatana. Ninataja kichapishi cha leza kwa sababu unga wake mweusi una kaboni, ambayo hunyonya vizuri mwanga wa nanomita 1064. Wino wa majimaji unaweza kuonekana mweusi kwako na usionekane kabisa kwa YAG. Bandika karatasi kwenye kipande cha mbao kisichong'aa, ukifunge imara mahali pa jicho la mgonjwa. Usitumie chuma wala kioo nyuma yake. Kila aliyemo chumbani avae miwani, kwa kuwa jaribio hili humtawanya mwali kuliko matibabu yenyewe.

Weka ofseti, yaani umbali uliowekwa kati ya nukta nyekundu na fokasi ya mwali wa tiba, kwenye sifuri, idadi ya mapigo kwa kila mbonyezo iwe 1, na nishati iwe ndogo kabisa inayoacha alama. Elekeza nukta nyekundu kwenye makutano ya mistari, ziungane, kisha bonyeza mara moja. Utasikia mlio kama wa kucha kwenye bati na kuona doa jeupe dogo. Itazame kwa ukuzaji wa juu bila kuisogeza mashine: nukta nyekundu iwe imekaa katikati ya doa. Rudia mahali pengine mara tano, kisha zungusha mkono wa hadubini kulia na kushoto urudie tena, maana kasoro nyingine hujificha mashine ikiwa imenyooka na hujitokeza ikigeuzwa. Kipimo changu binafsi ni kwamba katikati ya doa ikiachana na katikati ya nukta kwa upana wa nukta yenyewe, hata mara moja kati ya tano, mashine haigusi jicho la mtu.

Kuhusu kina, punguza nishati hadi pigo liache alama kwenye fokasi tu na lisiache ukiwa nje yake. Sogeza mashine mbele kidogo kidogo, ukipiga sehemu safi ya karatasi kila mara, hadi alama ikome. Kisha irudishe nyuma hadi ikome tena upande wa pili. Katikati ya mipaka hiyo miwili ndipo fokasi halisi ya mwali wa tiba ilipo, na ndipo nukta mbili nyekundu zinapotakiwa kuwa moja. Jaribio hili huchukua dakika kumi kwa asiyezoea na tatu kwa aliyezoea.

Karatasi iliyopigwa usiitupe. Iandike tarehe na uibandike kwenye daftari. Karatasi za miezi mitatu zikiwekwa pamoja huonyesha mwali unavyohama polepole, jambo ambalo karatasi ya siku moja haiwezi kukuonyesha.

Hatua ya 7: Pima nishati

Kiwango cha kimataifa cha leza za tiba, IEC 60601-2-22, kinataka nishati inayotoka isiachane na ile iliyowekwa kwa zaidi ya asilimia 20. Mashine ina kipimo chake cha ndani, lakini kipimo cha ndani husoma mwali kabla haujapita vioo vya mwisho, na uchafu au kuvu kwenye vioo hivyo hakitauona. Kliniki inayoweza iwe na kipimo cha nje kilichohakikiwa, na ipige mapigo kumi kwa milijuli 1, kumi kwa 2, na kumi kwa 5. Usitazame wastani peke yake. Mashine inayotoa wastani sahihi wa milijuli 2 kwa kupiga pigo moja la milijuli 1.2 na jingine la milijuli 2.8 ni mbovu.

Kliniki isiyo na kipimo cha nje inaweza angalau kuandika nishati ndogo inayoacha alama kwenye karatasi ile ile ya mtindo ule ule. Ikiwa mwezi uliopita alama ilianza kwa milijuli 0.6 na leo inaanza kwa 1.1, kuna kitu njiani kinakula mwali.

Hatua ya 8: Ofseti, na upande inakoelekea

Kwa kazi ya kutoboa utando wa nyuma, mwali wa tiba huwekwa kwa makusudi nyuma kidogo ya nukta nyekundu, mara nyingi kati ya maikromita 150 na 250, kwa sababu mpasuko wa cheche hutanuka kuelekea upande mwali unakotokea, yaani upande wa lensi bandia. Kwa kutoboa iris, ile sehemu ya jicho yenye rangi, ya mgonjwa wa glakoma (ugonjwa wa presha ya jicho), ofseti hurudishwa sifuri. Mashine ile ile hufanya kazi zote mbili, na hapa ndipo ajali za kubadilishana zamu zinapozaliwa: kliniki ya glakoma ya jana inaacha ofseti sifuri, milijuli 5 na mapigo matatu kwa mbonyezo, na daktari wa leo anabonyeza kwa nia ya milijuli 1.

Hakiki kwamba ofseti ya nyuma kweli inaelekea nyuma. Iweke kwenye kiwango kikubwa kuliko vyote, kisha rudia jaribio la kina kwenye karatasi. Ili alama itokee, utalazimika kuivuta mashine kuelekea kwako, mbali na karatasi, kuliko mahali nukta nyekundu zinapoungana. Ikikulazimu kuisukuma mbele, ofseti imegeuka, na kila pigo lingeingia kwenye lensi bandia. Baada ya jaribio, rudisha kila kitu kwenye kiwango cha chini: nishati ya chini, pigo moja, ofseti iliyokubaliwa na daktari. Acha mashine katika hali ya kusubiri.

Hatua ya 9: Mgonjwa anapoketi

Hakiki jina, jicho na kazi inayofanywa, kwa sauti, na alama iwekwe juu ya nyusi ya jicho husika. Mboni iwe imepanuliwa kwa matone, na kama daktari ameagiza brimonidini au apraklonidini ya kuzuia presha ya jicho kupanda, iwe imekwisha wekwa. Kidevu kitulie, paji la uso liguse mkanda, na mkanda wa kichwa ufungwe kwa mgonjwa anayetetemeka. Mwambie atasikia milio midogo na kuona mimweko, asitikise kichwa, na kama anataka kukohoa ainue mkono kwanza.

Lensi ya mguso yenye jeli ya methiliselulosi hutuliza jicho na pia hupanua pembe ya mwali, hivyo fokasi inakuwa ndogo zaidi na mwanga unaoendelea hadi retina unatawanyika zaidi. Angalia mapovu ya hewa ndani ya jeli. Povu moja mbele ya mboni hupindisha mwali, na dawa yake ni kuivua lensi na kuiweka upya, si kuongeza nishati. Daktari huanza na takriban milijuli 1, akipiga kwanza pembeni mwa mstari wa kuona, ili kama kuna kosa lililosalia, doa kwenye lensi bandia lisikae katikati. Pigo la kwanza lisipochana kitu, swali la kwanza liwe juu ya fokasi. Hali ya kusubiri irudishwe kila daktari anapoondoa jicho kwenye hadubini, hata kama ni kwa ajili ya kujibu simu, na hasa hapo.

Hatua ya 10: Baada ya pigo la mwisho

Zima, chomoa ufunguo, ukabidhi kwa mtu mmoja anayejulikana. Mashine yenye ufunguo ndani yake ni ya yeyote anayepita. Presha ya jicho ipimwe baada ya saa 1 hadi 2. Mgonjwa aelezwe kwa maneno yake mwenyewe kwamba vidoa vichache vinavyoelea mbele ya jicho kwa siku kadhaa si ajabu, ila mimweko mingi ya ghafla, mvua ya vidoa vyeusi, au kivuli kama pazia kinachoshuka upande mmoja ni sababu ya kurudi siku hiyo hiyo, kwa kuwa retina inaweza kuwa inaachia, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa wenye miwani mizito ya kuonea mbali.

Kwenye daftari la mashine andika tarehe, jina la mpigaji, namba zake za pete, ofseti, nishati ya kila pigo, idadi ya mapigo na jumla ya nishati. Jumla ikianza kupanda kwa madaktari wote kwa pamoja, kagua mashine; ikipanda kwa daktari mmoja tu, mwombe kwa heshima aketi mbele ya kijiti cha fokasi, akiwa na miwani yake.